Akaunti Moja, Vibanda Vinne

Mimi na kelele hatupatani, na hilo Rongo nzima inalijua. Nauza mapazia na leso, na ukuta kati yangu na kibanda cha gemu cha Filister ni wa mabati, kwa hiyo kila bao likifungwa kwake ni kama limefungwa kichwani mwangu. Mwanzoni nilikuwa nikiugonga ukuta ule kwa fimbo ya kupimia vitambaa mpaka fimbo ikavunjika. Mume wangu Abdurahman akaniambia niache, kila mtu na riziki yake. Niliacha, ila shingo upande.

Filister ni mjane. Kibanda cha gemu kilikuwa cha marehemu mumewe, naye alipokirithi wanawake wa kanisani kwao walimsema sana, kwamba mwanamke mzima anakula jasho la vijana wavivu, si afadhali auze omena, wale dagaa wa ziwani, kama wenzake. Mimi nilimuuliza hilo waziwazi, maana sina adabu ya kusengenya. Akanijibu kwamba omena ina msimu na gemu pia ina msimu, ila huu wa gemu unapangwa na watu ofisini. Kila mwaka kampuni inatoa mpira uleule, inabadilisha jezi na kuwahamisha wachezaji timu, na vijana wanaukataa wa mwaka jana kama ugali uliolala. Kibanda kisichokuwa na gemu mpya wiki ya kwanza hakipati mtu mpaka mwaka mwingine.

Nikamwambia huo ni wizi. Akasema ni biashara, na ukitaka kuishi na mamba lazima ujue saa zake za kula.

Peke yake asingeweza kununua kila kilichotoka. Kwa hiyo aliunda nyoluoro. Nyoluoro ni ule mzunguko wa akina mama wa huku, mnachanga, leo apate huyu, kesho yule, na atakayevuruga zamu hasalimiwi tena sokoni. Wao walizungusha CD. Walikuwa wanne: Filister, Gordon wa Macalder, ambaye wateja wake ni vijana wanaochimba dhahabu, Irine wa Homa Bay mjini, na Elkana wa kisiwa cha Takawiri, aliyekuwa na mashine moja tu ya kuendeshwa kwa sola. Kila mmoja alinunua gemu yake, halafu zikatembea. Ya magari ikimaliza wiki Macalder inafungwa kwenye gazeti, inakuja Rongo, inapanda boti kwenda kisiwani. Miaka ikapita hivyo bila ugomvi.

Kisha makampuni yakageuka. Mashine mpya zikaja bila tundu la CD. Gemu unainunua kwa intaneti, inaingia kwenye akaunti yako, na huko ndiko inakokaa. Nilidhani ni maendeleo. Filister alicheka akaniambia nifikirie vizuri. CD ni yako, unaiazima, unaiuza, ukifa unaiacha. Moja ikizunguka vibanda vinne, kampuni inaona imekosa wanunuzi watatu. Sasa hawauzi gemu, alisema, wanauza ruhusa ya kucheza, na ruhusa haiazimwi.

Lakini naye akajiona mjanja. Walikutana kwangu, nikawapikia chai, wakakubaliana kuhamishia nyoluoro ndani ya akaunti moja. Kila mmoja atanunua gemu yake humo, wote watajua neno la siri, na kila kibanda kitaingia kwa zamu ya siku zake. Akaunti ikaandikwa jina la Filister kwa sababu ndiye waliyemwamini zaidi. Nilisifu mpango ule kwa mdomo wangu mwenyewe.

Mwezi wa tisa mama yake Gordon akafariki. Sasa nyoluoro ina sheria zake, na moja ni kwamba zamu ya mfiwa haipotei: yeye akiwa matangani, ndugu yake anamshikia. Kwa hiyo Jared, mdogo wake wa mama mwingine, mwenye kibanda Migori mjini, akapewa neno la siri, akafungua gemu kwenye kibanda chake mpaka mazishi yaishe. Hakuna aliyeona kosa, na mimi hadi leo silioni. Ila mashine ya kampuni haijui matanga. Iliona akaunti ya mtu mmoja ikifunguliwa Rongo, Homa Bay, Migori na kisiwani ndani ya siku chache, ikaamua huyo ni mwizi.

Ilifunga akaunti Jumamosi ya mashindano.

Na hiyo ndiyo Jumamosi aliyoingoja Filister mwaka mzima, ya kufungua msimu. Wanafunzi wa chuo walikuwa wamejaa mpaka kwenye veranda yangu. Vijana wa Macalder na wa Homa Bay walikuwa wameletwa na Gordon na Irine, na Elkana alitoka Takawiri alfajiri na mchezaji wake. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na kibanda kipya chenye viti vya ngozi, na mwenyewe amesimama mlangoni, mikono mfukoni, anatabasamu. Kufa kufaana. Ndani, runinga zote zilikuwa zimeandika maneno yaleyale, kwamba akaunti imefungwa.

Filister alinijia nyuma ya duka, uso umemshuka. "Mama Nasteha, kuja unisomee. Kuna mtu anaandika kwa simu, na Kizungu chake kimenipita."

Nilikwenda. Alikuwa anaandikiana na mtu wa kampuni, sijui yuko nchi gani, aliyekuwa akimwita mteja wetu mpendwa kila baada ya sentensi. Nilisoma kwa sauti, Gordon, Irine na Elkana wakiwa wamesimama juu yetu. Alisema akaunti ni ya mtu mmoja. Kama Filister ndiye mtumiaji pekee, na wengine waliingia bila idhini yake, athibitishe hivyo, aziondoe mashine nyingine zote kwenye akaunti, na atafunguliwa sasa hivi. Kama yeye mwenyewe aliwagawia wengine, akaunti inafungwa moja kwa moja na kila kilichomo kimekwenda. Alitaka jibu kabla mazungumzo hayajajifunga.

Nje walishaanza kupiga mabati. Mmoja alisema waende tu ng'ambo, mwingine akasema hata simu yake ina gemu ya bure, ya nini kungoja. Nikasikia viatu vikiondoka verandani.

Gordon alisema pole pole kwamba zile gemu za magari alinunua yeye. Irine akasema na mieleka ni yake, aliinunua kwa pesa ya samaki. Filister aliishika simu kwa mikono miwili, na mimi nikamtafuta wa kumtukana nisimwone, kwa sababu mwenye kosa hakuwa chumbani. Nilimwambia Filister aandike ndiyo, yuko peke yake. Gordon akanitazama kwa jicho ambalo sitalisahau.

"Wewe si wa nyoluoro," akaniambia.

Kweli, mimi si wa nyoluoro. Nikasogea kando, wenyewe waamue.

Filister akasema ataandika ukweli, kwamba wako wanne, na kama ni kufa wafe pamoja. Alishaanza kuandika. Ndipo Elkana akainama. Mzee wa watu, hakuwa na kibanda kingine wala mashine nyingine, na kisiwani kwake hata mtandao wa kununulia gemu ni wa kubahatisha. Yeye ndiye angeumia kuliko wote.

"Nyamera, dada yangu, futa hayo. Sema uko peke yako. Tukizama wanne, nani atatuvuta?"

Filister alifuta. Akaandika ndiyo. Mashine zikaja kwenye kioo na majina waliyozipa wenyewe: Macalder, Migori, Homa Bay, Takawiri. Akaziondoa moja baada ya nyingine, na kila alipogusa aliuma mdomo. Ya Elkana aliiacha mwisho, kidole kikasimama juu yake muda, mpaka Elkana mwenyewe akamgusa bega.

Runinga zikawaka. Kelele iliyolipuka ilinipasua masikio na wala sikujali. Gordon aliwachukua vijana wake akaondoka bila kuaga. Irine alibaki kidogo mlangoni, akiwatazama watu wakipigana mieleka kwenye gemu aliyoinunua, halafu naye akaenda.

Elkana boti yake ilikuwa bado. Akaketi kwenye benchi na wengine, akangoja foleni, akacheza mechi moja na mwanafunzi wa chuo, akafungwa. Alipoinuka aliweka sarafu mezani kama anavyofanya kila mtu. Filister akazisukuma kumrudishia.

"Chukua," Elkana akasema. "Mimi sasa ni kastoma."

Foleni ilikuwa inasukumana nyuma yake. Filister akazitia ndani ya kopo pamoja na zile nyingine, akaita anayefuata.