Nilisiriba banda la panya kabla ya Ramadhani, utafiti wa mionzi ukaharibika

Wakuu, asalaam aleikum, na wasio wa salamu hiyo hamjambo.

Naandika kwa kidole kimoja na miwani imevunjika mkono, mnivumilie. Haya niliyafanya kwa mikono hii yangu, sikusimuliwa na mtu.

Zamani nilikuwa kibarua wa jikoni kwenye hoteli moja Diani. Wakati huo nina meno yote.

Kazi yangu ilikuwa kuosha masufuria. Stoo ya unga ikaingia panya, na mpishi mkuu, mtu mwenye mdomo mchafu, akaniambia, "Wewe wa Bodo, kwenu si wavuvi? Basi nivulie hawa."

Nikawatega kwa ndoo ya maji na nazi ya kuchoma. Wakaisha. Tangu siku hiyo naitwa Bakari Panya, hata mbele ya wakwe siku ya harusi.

Nilihamia huku upande wa kilima, nikajenga, nikalea, nikamzika mke wangu, Mungu amrehemu. Jina likanifuata.

Basi walipokuja watu wa chuo kikuu kupima kilima chetu, wakataka mtu wa kulisha panya, mzee wa mtaa aliwaleta kwangu moja kwa moja, huku akicheka.

Walisema udongo wa kilima unatoa mionzi. Kitu hukioni, hukinusi, kinakuingia tu. Wanataka kujua kinafanya nini mwilini, na kwa mtu huwezi kujaribu, ndiyo maana ya panya.

Panya wenyewe weupe, macho mekundu, wapole kuliko jirani zangu.

Mabanda yalikuwa mawili. La kwanza limekandikwa udongo wa kilima, kama nyumba zetu zote. La pili liko mbali, limekandikwa udongo ulioletwa na lori kutoka Msambweni, usio na neno. Panya wa aina moja, chakula kimoja.

Mkubwa wa utafiti alikuwa binti wa bara, nitamwita Daktari tu. Alinieleza taratibu: tunahesabu vizazi. Wa kilima wakizaa vibaya na wale wengine wakazaa vizuri, basi udongo una lake. Wakizaa sawa, udongo hauna hatia.

Na mimi nilikuwa na haja yangu.

Binti yangu Mwanasha alikuwa ameharibikiwa na mimba mbili, ndani ya nyumba niliyomkandikia mwenyewe kwa udongo wa kilima. Mumewe anataka wahamie kwao Majoreni. Mwanasha hataki, maana ulimi wa mama mkwe wake unaujua ukiusikia.

Kila jioni ananiuliza, "Baba, panya wamesemaje?"

Namwambia subiri, mwanangu, bado wanazaa.

Sasa sikieni ujinga wangu.

Mvua ilipiga, lile banda la udongo wa Msambweni likapasuka kuta. Ramadhani imebaki siku kumi iingie. Huku kwetu mwezi mtukufu haukuti nyumba ina nyufa, ni aibu. Jiko, choo, banda la kuku, vyote vinasiribwa, yaani vinapakwa udongo upya.

Daktari alikuwa amesafiri. Udongo wa lori ulibaki kiroba kimoja, mchanga mtupu, haushiki. Nikapanda kilimani nikachimba ule mwekundu, unanata kama sima ya muhogo. Nikasiriba kuta na sakafu, nikalainisha kwa kiganja. Likapendeza.

Wallahi sikufikiri. Nilikuwa nimekatazwa kuchanganya ndoo, ufagio, hata ndara za kuingilia. Ukuta hakuna aliyenikataza.

Baada ya Idi na miezi miwili juu yake, Daktari akaja na kile kimashine kinacholia tik-tik. Kwenye banda lile huwa kinalia mara moja moja. Siku hiyo kikalia kama mahindi kikaangoni.

Akakigonga. Akabadilisha betri. Kikalia vile vile.

Akakwaruza ukuta kwa kucha.

"Mzee Bakari, nani alisiriba hapa?"

"Mimi."

"Kwa udongo gani?"

Nikamwonyesha kilima kwa kidevu.

Hakunigombeza. Alikaa juu ya ndoo akatazama daftari lake. Afadhali angenitukana.

Nikamuuliza lile langu moja. Binti yangu ahame au akae?

Akasema, "Mzee wangu, sijui. Hawa ndio wangetuambia. Sasa wote umewaweka nyumba moja."

Funzo nalitia hapa hapa, maana mbele sina nguvu. Ukishika kazi ya watu, uliza hata lile unaloliweza. Hasa lile unaloliweza.

Na wenye elimu ya mionzi humu ndani, naomba mjibu kwa Kiswahili chepesi. Mwanasha atasoma mwenyewe, mimi nimechoka kuwa mjumbe wa panya. Ana mimba tena, miezi miwili, na bado yumo mle mle kwenye nyumba niliyomkandikia, anangoja jibu.

Siku ile niliweka funguo juu ya gunia la chakula nikatoka.

Daktari akaniita, "Mzee, hujawapa maji."

Nilimsikia vizuri. Nikaendelea kutembea, na kule sijarudi.