Ukitaka Kutembea Katika Mbio, Toka Pembeni

Nakumbuka mchana mmoja huko mashamba ya chai upande wa Mogogosiek, mwanangu, wakati mimi ni msichana wa kuchuma majani na miguu bado inanisikia. Nimeukumbuka kwa sababu umeniambia Jumamosi utakimbia Kericho mjini, na unaogopa kilima kitakushinda uanze kutembea watu wakikuona. Kaa basi nikuambie habari ya Bosibori.

Kila mwaka Krismasi ikikaribia, shamba letu lilikuwa na siku ya michezo. Wanaume walikimbia mbio ndefu, kutoka kiwandani kushuka mpaka mtoni, halafu kupanda kilima na kurudi. Sisi wanawake tulipewa kukimbia na yai kwenye kijiko. Yai, mwanangu! Na sisi ndio tulioshinda kutwa tukipanda na kushuka hiyo milima na kikapu mgongoni. Hata hilo yai hukuachiwa ukapike. Sasa mwaka huo tukaomba mbio ndefu kama wanaume. Nyapara wetu, mtu wa maneno mengi na baiskeli ya kung'aa, alicheka mpaka kofia ikaanguka.

"Sawa," akasema. "Lakini mama mmoja tu akilala njiani nimbebe na hii baiskeli, mnarudi kwa yai. Na mtabaki na yai mpaka mzeeke."

Kwa hivyo kushinda halikuwa jambo kubwa. Jambo kubwa ni sisi wote tufike, hata wa mwisho.

Huyo Bosibori alikuwa mama mtu mzima, alikuja na mumewe kutoka Kisii kutafuta kazi. Alikuwa mnene kidogo, mwenye sauti nzito ya kuongoza nyimbo kanisani. Sisi wasichana wa Kikipsigis tulijua mbio ni zetu, mursik, maziwa yetu ya kugandisha, tumekunywa tangu utoto, nani atamwangalia mama wa watoto wengi? Hatukumwangalia.

Tulianza kama ndama wamefunguliwa. Kushuka mtoni tuliruka tu. Lakini ile njia ya kupanda ni nyembamba, udongo mwekundu katikati, chai huku na chai huku, na kilima chenyewe hakina huruma. Pumzi ikaanza kwisha. Na kutembea, tulidhani ni aibu kubwa. Niliona msichana mmoja ameinama kama anafunga kamba za viatu, na wote tulikuwa miguu mitupu! Mwingine alijificha ndani ya chai kama anatafuta kitu.

Mbele yangu alikuwa Chelangat, jirani yangu wa kambini, msichana wa mbio kweli. Akasimama ghafla, papo hapo katikati ya njia, mikono kwa magoti. Nikamgonga. Wa nyuma yangu akanigonga mimi. Tukaanguka wote watatu, goti la mwenzetu likatoka damu. Huko chini tukasikia kengele ya baiskeli, na nyapara anapiga kelele, "Nani anataka kubebwa?" Chelangat akaanza kulia.

Ndipo Bosibori akatokea. Hakuwa anakimbia, alikuwa anatembea! Lakini ungeona huo utembeaji. Alikuwa pembeni kabisa, majani ya chai yanagusa sketi yake, mikono inaenda, kichwa juu, kama mtu ana shughuli na anajua iko wapi.

"Nani amesimama katikati ya njia ya watu?"

"Ni mimi, mama. Nimekwisha."

"Hujakwisha, umechoka. Hebu niambie, ukiwa kwa chai kikapu kikijaa, unageukia katikati ya mstari?"

"Hapana, mama."

"Unafanya nini?"

"Nainua mkono, natoka pembeni."

Hiyo ilikuwa adabu yetu ya kazi, mwanangu. Ukigeuka ovyo na kikapu kimejaa, unampiga mwenzako usoni, kwa hivyo mkono unainuka kwanza ili wa nyuma ajue.

"Basi hapa ni tofauti na wapi? Inuka, tembea. Kaa nyuma yangu, si kando yangu. Hii njia hatukununua."

"Watanicheka, mama."

"Wacha wacheke. Wewe fika."

Tukamfuata. Alitembea mpaka pumzi ikarudi, akaangalia nyuma kwanza kama kuna mtu, ndipo akaingia njiani akakimbia. Akichoka tena, mkono juu, anapunguza polepole, anatoka pembeni. "Piteni, akina mama, piteni!" Na aliyepita alimwambia pole, hakumcheka. Kidogo kidogo kilima chote kikajaa mikono, huyu anatoka, yule anaingia, na hakuna aliyemgonga mwenzake.

Nyapara akapiga kelele, "Hii ni mbio ama ni matembezi ya kanisa?"

Bosibori hakugeuka. "Ni mbio, bwana nyapara. Pita basi, tumekuachia njia!"

Atapitaje? Kilima kilikuwa kimemshusha kwenye baiskeli, anaisukuma huku anatembea, jasho linamtoka. Tulicheka, na kicheko kikatupa nguvu.

Lakini kitu kilichonishangaza zaidi kilikuwa mwisho, karibu na kiwanda, mahali kambi yote imesimama, mameneja na wake zao, na mumewe Bosibori mwenyewe. Mimi afadhali ningekufa hapo kuliko kutembea. Yeye pumzi ilikataa, akainua mkono mbele ya watu wote, akatoka pembeni, akatembea. Wanaume wakapiga miluzi. Hakuinamisha kichwa hata kidogo. Pumzi iliporudi akaangalia nyuma, akaingia, akakimbia mpaka kwenye kamba ya kumalizia. Chelangat alikuwa nyuma yake, na nyuma ya Chelangat wengine, mpaka wote tukaingia. Aliyetangulia ni nani? Sikumbuki vizuri. Nakumbuka nyapara amefika na baiskeli tupu. Mwaka uliofuata mbio ndefu ya akina mama ilitangazwa pamoja na ya wanaume, na yeye ndiye alitangaza.

Sasa sikiliza, mwanangu, mimi sikusoma sana lakini hili nalijua. Ukichoka, tembea, si dhambi. Ila usisimame ghafla. Inua mkono, toka pembeni, na kama uko na rafiki msitandae njiani mkipiga hadithi. Ukipewa maji, songa mbele nayo, mwingine pia ana kiu. Kabla ya kurudi kukimbia, angalia nyuma. Na ukimpita anayetembea, mwambie pole, kwa maana hujui ametoka wapi na ile pumzi yake.

Mungu akupe kifua kipana na magoti ya kudumu. Anayekuja nyuma yako asikukanyage, na wewe usimkanyage aliye mbele. Nenda salama, ufike, na utakaowakuta wamefika wakushangilie.