Somo la Fidencio kila Jumatatu

Fidencio Barrientos alibakiwa na vidole viwili mkono wa kulia, ndiyo maana bosi Haskell akamfanya mwalimu wa usalama. Kila Jumatatu asubuhi, uani mwa kampuni nje kidogo ya Atlanta, watunza bustani walimzunguka na kahawa zao, naye akauinua ule mkono na kuwaambia kwa Kihispania kwamba uzembe wake mwenyewe ndio uliomponza. Alivaa glavu ndefu, ikanaswa na tawi, mashine ya kusaga matawi ikamvuta.

"Profesa," walimtania, "leo tunahesabu mpaka mbili tu?"

Alicheka nao. Angefanyaje? Ukweli ni kwamba mashine ile ina chuma cha kuizima, ukikisukuma tu inasimama. Matawi yalikuwa yakikigonga na kazi inalala, basi Haskell akaagiza kifungwe kwa waya. Aliyekifunga ni Fidencio. Mwezi mmoja baadaye alikisukuma kwa nguvu zake zote na mashine haikusimama. Haskell alimfuata hospitalini akampa masharti: aseme ni uzembe, au kazi hana. Mtu wa vidole viwili, tena asiye na kibali cha kazi, nani angemwajiri? Akakubali.

Mei akaajiriwa Eligio, kompadre wake, aliyemsimamia binti yake ubatizo. Somo lilipokwisha na wenzake wakiweka sahihi kwenye karatasi ya mafunzo, Eligio aliizunguka mashine, akaushika waya.

"Na huu wa nini, kompadre?"

Haskell alikuwa amesimama mlangoni. Kihispania hakukijua, lakini mkono ulioshika waya aliuona.

"Wa kazi tu," Fidencio akasema. "Weka sahihi, kompadre. Watu wanasubiri."

Eligio akaweka, maana alimwamini.

Alhamisi mashine ikamvuta mkono mpaka begani, akafa kabla gari la wagonjwa halijafika. Wakaguzi walipokuja, waya haukuwepo. Karatasi ilikuwepo, na sahihi ya Eligio chini ya ile ya mwalimu wake.

Jumatatu Fidencio akasimama tena, mkono juu. Alisimulia uzembe wake.

"Na kompadre wangu Eligio," akasema, "naye alikuwa mzembe."

Siku hiyo hakuna aliyemtania. Waliweka sahihi, wakikwepa kuitazama mashine nyuma yake. Ilikuwa na waya mpya, na aliyeufunga asubuhi ile, kwa mkono wa kushoto, ni yeye.