Meno Arobaini na Manane

Wanasema kiburi ndicho kilichomponza Hakorimana. Waache waseme! Mtu aliyezika mtoto anapata wapi nguvu ya kiburi? Alikuwa mkulima wa maharagwe tu, mwenye uchungu wake.

Mwaka wa sitini na tatu, mkewe Libérata aliposhikwa na uchungu wa kuzaa, walimbeba kwa kipoyi, kile kitanda cha miti ambacho wanaume wa kilima hubeba mabegani kwa zamu. Ndiyo desturi: mgonjwa wa jirani ni mgonjwa wako. Lakini mvua ilikuwa inapiga, matope yakawafika magotini, na hospitali ya masista iko nyuma ya mlima. Mtoto akafia njiani. Toka siku ile Hakorimana hakutaka hata kukitazama kipoyi.

Alikuwa na pikipiki kuukuu, aliyoachiwa na Mzungu wa shamba la pareto alipoondoka wakati wa uhuru. Bondeni ilikimbia vizuri. Ikifika mlimani, wapi! Inalia, inatoa moshi, inasimama. Libérata alipopata mimba nyingine, Hakorimana aliikokota hadi kwa Sebarenzi, mfua vyuma.

"Papa Sebarenzi, inashindwa mupando kabisa."

Sebarenzi akahesabu meno ya pinio, lile duara la chuma la gurudumu la nyuma linalovutwa na mnyororo. "Makumi tatu na sita. Iko kidogo. Tukitia pinio ya meno mingi, itatembea polepole, lakini itapanda."

Wiki tatu Sebarenzi alipiga tupa kwenye chuma cha mashine mbovu ya kukaushia pareto, jino moja moja, mpaka yakatimia arobaini na manane. Kumbe pinio ilipokuwa kubwa, mnyororo ukawa mfupi. Akaurefusha kwa vipande vya mnyororo mwingine uliochakaa.

"Meno sina wasiwasi nayo," alisema, akiushika mnyororo pale alipouunga. "Hii shene njo ninaogopa."

Hakorimana aliitikia tu, jamani, macho yakiwa kwenye meno. Siku ileile akaijaribu peke yake, ikapanda hadi juu bila kusimama hata mara moja. Alirudi machozi yakimtoka.

Siku ya Libérata ilifika, asubuhi, jua zuri. Damien, jirani yake, akaja na wanaume saba na kipoyi bila kuitwa.

"Murudi ku mashamba," Hakorimana aliwaambia.

"Kaka, tufuate nyuma tu. Ule mupando iko mubaya."

"Aka! Mutegemea cha ndugu hufa masikini. Muende mulime. Kesho mutakunywa pombe ya mutoto."

Wakacheka, wakamtakia heri, wakaenda kulima ng'ambo ya bonde.

Pikipiki ilipanda na watu wawili, polepole, inanguruma, inapanda. Hakorimana alimwomba Mungu kila kona. Karibu na kilele, pale mlima unaposimama wima, mnyororo ukakatika. Alisukuma hatua kumi, akashindwa. Akajaribu kumbeba mkewe mgongoni, Libérata akalia kwa maumivu hata akamshusha. Damu ilikuwa imeanza kutoka. Akamlaza kwenye majani, akakimbilia ukingoni, akainua mikono, akaita kwa nguvu zake zote.

Ng'ambo, mbali kule chini, watu wakasimama shambani. Walimwona mtu juu kabisa ya mlima, mikono hewani. Majembe yakainuliwa, na wanawake wakapiga vigelegele: Hakorimana amevuka!

Akaita tena, koo linapasuka. Wakamjibu kwa furaha zaidi. Damien alikuwa anacheza, Hakorimana alimwona kwa macho yake. Mara ya tatu sauti haikutoka.

Akarudi, akapiga magoti kando ya mkewe. Vigelegele vilifika mpaka pale.

"Bantu banakuja?" Libérata aliuliza.

"Banakuja," alisema, akamshika mkono. Libérata akafumba macho, na kabla ya saa sita alikuwa amekufa, mtoto angali tumboni.