Isale la Modesti na Ufagio wa Mkamwana

Asubuhi hiyo Modesti alitoka nje na mswaki mdomoni, akatupa jicho chini ya mti wa mkungu, mswaki ukamdondoka. Pamefagiwa peupe, mistari mistari kama nywele zilizochanwa, na hapo katikati mmea wake wa isale umesimama shina wazi kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni.

"Nani kafagia hapa?"

Alijua nani. Mtaa mzima wa Rasbura ulijua. Martina, mkamwana wake kutoka Miteja, alikuwa na wiki tatu tu katika nyumba ile, na kila alfajiri ufagio wake ulimtangulia jogoo. Bibi harusi akilala mpaka jua litoke, si watasema kwao hawakumfunza? Basi akafagia. Akafagia mpaka yale majani ya mkungu ambayo Modesti aliyarundika kwa mikono yake kwenye shina la isale, yatunze unyevu, yaoze, yawe mbolea. Kisha akayatia kiberiti.

Isale lile halikuwa pambo la kuringia tu, ingawa kuringa, Modesti aliringa. Lilitoka kwao Rondo, kwenye kaburi la mama yake. Alikata kipande cha urefu wa kiganja, akakipanda kivulini, na kwa miaka sita kikawa kichaka cha majani mapana, kijani masika na kiangazi. Mwaka jana moto wa mashamba ukapita Rondo, ukala masale yote ya kaburini. Sasa, mwezi wa nane ukifika, ukoo unakwenda kulijengea kaburi, na Modesti, kwa ule mdomo wake, alisimama kikaoni akasema: "Nyie leteni saruji. Kijani cha mama ninacho mie!"

Na kijani chenyewe ndicho hiki: majani yana mabaka meupe, yamejikunja kama karatasi iliyonyeshewa.

Hasira zikampanda mpaka masikio yakamwasha. Lakini kwao baba mkwe hamkaripii mkamwana uso kwa uso. Ni aibu ya kusemwa mpaka matangani. Akamgeukia mtetea aliyekuwa anaatamia mayai kwenye karai.

"We kuku! Nani kakwambia majani yale takataka? Huko mlikotoka mmea haufunikwi? Mama yangu akikosa kijani utampelekea nini, ufagio?"

Jikoni sufuria likatua kwa kishindo. Martina akatoka, kanga kaikaza kiunoni, akapiga goti nusu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba!" Ilimtoka kama tusi, lakini shikamoo hainyimwi jibu.

Martina naye akamgeukia kuku.

"Shoga yangu, majani nimefagia mimi, kosa langu. Ila mabaka meupe katikati ya jani si ufagio. Hilo ni jua. Hebu niambie, kuku, jua limepita wapi chini ya mkungu?"

Anjelina, mke wa Modesti, akaangua kicheko. Wote wakatazama juu. Upande wa barabarani, matawi matatu yalikuwa vigutu. Modesti mwenyewe aliyakata mwezi uliopita, ili wapita njia walione isale lake vizuri wasimame waulize.

"Nani kakuuliza, kuku!" Akaipiga teke ndoo, akachomoa panga. "Limekufa! Naling'oa, tusiangaliane tena!"

"Baba, usikate!" Safari hii Martina alisahau kuku. Akakwangua gome kwa ukucha. Ndani kukawa kijani kibichi. "Shina bado zima. Nipe mimi panga."

Modesti akampa panga bila kumtazama. Martina akakata pingili nne, kama anavyokata za muhogo kwao Miteja, akapaka majivu ncha za juu asije mtu akazipanda kichwa chini, akazisimamisha kwenye ndoo ya udongo nyuma ya jiko, kusikofika jua.

Kesho yake watu walimwona Modesti anapita nyumba kwa nyumba na gunia, anaokota majani ya mkungu.

"Mzee Modesti, umeajiriwa usafi?"

"Niacheni!"

Akayamwaga juu ya ndoo. "Kuku, uyaguse haya uone."

"Kuku," sauti ikajibu toka jikoni, "mwambie baba na panga alitundike."

Mwezi wa nane pingili mbili zilikuwa zimeoza. Mbili zilichipua, kila moja na majani madogo yaliyosimama kama masikio ya sungura. Kule Rondo binamu mmoja akachungulia ndoo iliyokuwa mapajani mwa Martina.

"Ndilo hili lililotangazwa?"

Modesti akafungua mdomo amrarue. Kisha akatazama huku na huku akitafuta kuku, na makaburini pale hapakuwa na kuku. Ikabidi amtazame Martina usoni.

"Kivuli nilikikata mimi," akasema, bado kanuna. "Panda wewe."

Martina akachimba upande wa mti mkubwa. Nyuma yao shangazi mmoja alikuja na ufagio, ayaondoe majani yaliyoanguka.

"Weka chini!" wakafoka wote wawili.