Toba ya Pombe Isiyonywewa

Mume wangu hanywi. Hata togwa ikilala siku mbili ikachacha haigusi. Sasa mtu wa namna hiyo akitapika damu nusu beseni, unadhani wenzetu kanisani walisema nini? Gongo. Lisemwalo lipo, wakasema, na mlokole akianza kunywa kwa siri humshinda mlevi wa kilabuni. Kabla hajatoka wodini, wazee wa kanisa walikuwa wameshamtenga na ushirika.

Kule hospitali ya mjini walimpima kwa kamera, kisha daktari akanieleza vizuri kabisa. Ni kichocho cha tumbo. Vile viminyoo huingilia kwenye ngozi mtu akiwa majini, na mume wangu tangu utoto yumo kwenye majaruba ya mpunga. Mayai yao yamejazana kwenye ini, damu imekosa njia, ikarudi kuvimbisha mishipa ya koo la chakula mpaka mmoja ukapasuka. Wakaifunga kwa vipira, wakampa na dawa. Mimi mjinga nikadhani nikiyafikisha hayo kijijini, maneno yamekwisha.

Thubutu! Mzee wa kanisa alinisikiliza mpaka mwisho, akanijibu kwa ule upole wake unaoudhi.

"Mayu, mama yangu, kichocho ni cha watoto wa shule. Anakojoa damu?"

Nikasema hakojoi, hiki ni cha tumbo. Akatikisa kichwa kwa huruma, kana kwamba nimemtolea ushahidi wa gongo.

Nilizunguka nyumba hadi nyumba kueleza habari za ini mpaka sauti ikanikauka. Mwenye ini lake, badala ya kuniunga mkono, ananiambia niachane nao. Jumapili moja akasimama mbele ya watu wote, akatubu pombe. Pombe gani jamani? Nilimvuta shati, hakukaa. Wakamrudisha kundini palepale, watu wakalia machozi. Njiani nilimwakia mpaka nikaishiwa maneno.

"Mama watoto," akasema, "mshipa ukipasuka tena, nani atanizika?"

Nikampita, nikatangulia nyumbani.

Kesho yake kanisa zima likaja kutusaidia kupandikiza mpunga, kwa furaha ya ndugu aliyepotea akapatikana. Nikasimama kwenye tuta nikawaambia kwamba maji haya haya ndiyo yaliyomuumiza. Wakacheka, wakasema mke mwema humfichia mumewe aibu. Kisha wakavua viatu, wakakunja suruali na kupandisha kanga, wakaingia wote wakiimba.