Bunduki Kombo ya Heulwen wa Hafod Las

Kwa shabaha, Heulwen Prydderch wa shamba la Hafod Las hakuwa na mpinzani, na alilijua hilo wala hakujisumbua kulificha. Kila mwaka wakulima wa bonde letu waliposhindana na wale wa ng'ambo ya mlima kupiga visahani vya udongo vinavyorushwa hewani kwa mashine, yeye ndiye aliyefunga dimba. Wengine walikuwa wameshaanza kutafuta visingizio, yeye anapanda jukwaani na bunduki yake ya marisau, anavisaga visahani hewani, kisha anauliza chai iko wapi. Tulimwonea fahari, na yeye alijionea fahari kuliko sisi sote.

Halafu majira fulani ya baridi, akiwa anakata na kulaza matawi ya ua wa miiba mpakani, tawi lilimponyoka likamchapa jicho la kulia. Jicho lilibaki mahali pake, la bluu vilevile, ila halikuona tena. Heulwen aliwaarifu polisi wa leseni za bunduki mwenyewe, daktari akathibitisha kwamba la kushoto ni zima, na leseni ikabaki. Iliyoondoka ni shabaha. Bega lake la kupigia ni la kulia, na jicho linalotakiwa kuona ni la upande huohuo. Watu wakamshauri ahamie bega la kushoto, kana kwamba bega ni kiti cha kanisani. Alijaribu msimu mzima. Visahani vilipita vizima, vikaanguka majanini, na kondoo wakavitazama.

Ndipo Meurig wa Nant-y-Gof, nahodha wa timu na jirani yake tangu utoto, akaja jikoni, akamega mkate wa zabibu bila kukaribishwa.

"Dada Heulwen, mwaka huu si uandike alama tu? Una mwandiko mzuri."

"Mwandiko wangu hujawahi kuuona."

"Nitauona siku ya mashindano. Nafasi yako nampa mkwe wangu."

"Mkwe wako hufumba macho yote mawili akifyatua!"

"Na wewe unalo moja. Sasa tunabishania nini?"

"Nikipata bunduki inayonifaa, utanipanga au hunipangi?"

"Nitakupanga. Lakini utaitoa wapi, peponi?" Meurig akajipangusa makombo, akaondoka.

Heulwen alikasirika mpaka mkate ukamshinda. Kuandika alama! Hiyo ni kazi ya wagonjwa wa nyonga. Jioni ileile alifungua kompyuta, na baada ya kuhangaika sana akaiona katika duka moja la Suffolk, mwisho kabisa wa nchi upande wa pili. Ilikuwa bunduki ya marisau ambayo kitako chake kimepindishwa makusudi, ukiiweka bega la kulia, mtutu unakaa mbele ya jicho la kushoto. Zamani kuna fundi alimtengenezea mtu mwenye shida kama yake. Haikuwa nzuri. Ilifanana na sufuria iliyoangushwa ikapinda mpini.

Akapiga simu. Mwenye duka, Bi Daphne Thurlow, alimtaka apime urefu wa mkono na nafasi kati ya jicho na jicho, basi Tudur, mume wa Heulwen, akamwekea mkewe rula kwenye paji la uso, akampiga picha. Vipimo vilikubali. Heulwen akasema iletwe nyumbani na gari la vifurushi, kwenye geti la bluu.

"Mama, hii si birika," Bi Daphne akacheka. "Mimi ni muuzaji niliyesajiliwa, kwa hiyo namtumia aliyesajiliwa mwenzangu huko kwenu. Yeye ndiye atakayekukabidhi, mkononi, ana kwa ana, leseni yako iko mezani."

Mwenzake huko kwetu ni mmoja tu, Emrys, binamu wa Heulwen, auzaye bunduki nyuma ya duka la chakula cha mbwa. Tunamwita Emrys Mabuti, kwa sababu siku ya harusi yake alisahau kuvua mabuti ya mvua. Ana wajukuu sasa, na jina lipo palepale. Heulwen aliliwaza hilo akakosa raha. Alijiona anazikwa kwa jina la Heulwen Kombo.

Kwa hiyo mzigo ulipofika, alimtuma Tudur na leseni mfukoni. Tudur akarudi na chakula cha mbwa.

"Bunduki iko wapi?"

"Kakataa. Kasema, 'Shemeji, hata ungekuwa askofu.' Nikamwambia tumelala kitanda kimoja miaka yote hii. Akaniambia kitanda si leseni."

"Na duka anafungua lini tena?"

"Ijumaa," Tudur akasema, akijitahidi asimtazame.

Ijumaa ni siku ya mnada wa kondoo. Bonde zima huwa limejazana kwa Emrys. Na mashindano yalikuwa Jumamosi.

Alikwenda. Duka lilikuwa limefurika, na nani alikuwa kwenye kaunta akinunua dawa ya minyoo? Meurig. Emrys, asiye na haraka hata nyumba ikiungua, alikagua leseni, akaisoma sura ya Heulwen kana kwamba hawakuwahi kuoga mto mmoja utotoni, akafungua sanduku, akalinganisha namba ya bunduki na ya karatasi. Watu wakakiona kitako. Duka likaangua kicheko.

"Emrys, irudishe hiyo, imekanyagwa na trekta!" Meurig akapiga kelele. "Au ni ya kumpigia mbweha aliyejificha nyuma ya kona?"

Heulwen uso ulimwaka moto. Alitamani sakafu immeze yeye na Suffolk yote. Emrys akamwinamia.

"Binamu, bado sijaandika kitu," akasema polepole. "Ukiikataa, itarudi kwa mwenyewe kwa njia ileile."

Heulwen akaichukua. Akaifungua, akahakikisha haina risasi, akaifunga, akaiinua kuelekea pembe tupu ya dari. Kitako kikatua bega la kulia, lilelile lililozoea. Shavu likapata mahali pake. Na pale ambapo tangu ajali palikuwa na giza tu, jicho la kushoto likauona mtutu wote umenyooka mpaka ncha yake.

"Andika," akamwambia Emrys, kwa sauti ya kusikika hadi mnadani. "Andika jina langu lote."

Jumamosi alifunga dimba. Kulikuwa na manyunyu, na visahani vilitoka vikali kutoka pande zote mbili, naye akavisaga vyote, kimoja baada ya kingine, wale wa ng'ambo ya mlima wakabaki kukuna visogo. Bonde letu lilipiga kelele mpaka mbwa wakajibu. Meurig ndiye aliyeharibu. Alikosa viwili vyepesi, akasingizia jua, na jua lenyewe hatukuwa tumeliona wiki nzima.

Watu walipokuwa wakikunja meza, alimfuata Heulwen kwenye gari.

"Hebu nishike hiyo kombo yako."

Heulwen akaifungua, akahakikisha ni tupu, akampa. Meurig akaiweka begani kuelekea mlimani pasipo mtu. Akakaa hivyo muda mrefu, bila mzaha wowote.

"Naona," akasema.

"Unaona nini?"

"Mtutu. Wote."

Heulwen akamtazama, akaelewa. "Tangu lini?"

"Tangu Krismasi. Jicho la kulia limefifia. Nilidhani litarudi." Akaishusha. "Usimwambie mtu."

"Nenda kwa daktari Jumatatu. Halafu waambie wa leseni, wewe mwenyewe, kabla hujagusa bunduki tena. Wakikuruhusu, nitakupa namba ya Bi Daphne."

"Na itakuja kwa Emrys?"

"Kwa Emrys. Ijumaa, duka limejaa, na utakwenda kwa miguu yako. Mimi nitakuwa nimeshafika."

"Kunicheka?"

"Kwanza nikucheke," Heulwen akasema, akichukua bunduki yake. "Halafu nikae nikuone ukiiweka begani."